Hoteli ya vyumba 14 Bel-Air, mwenye pesa yuko Liège: kununua au kukodi, na nani ashike funguo

Swali: Yaya, mimi ni muuguzi hapa Liège, Ubelgiji, mzaliwa wa Katuba, Lubumbashi. Nimeweka akiba miaka 11. Komisioneri (dalali) amenipatia hoteli ndogo ya vyumba 14 kule Bel-Air, Lubumbashi. Mwenyewe anataka dola 280,000 nikinunua, au dola 2,500 kwa mwezi nikikodi. Chumba analipisha dola 35 kwa usiku na anasema hoteli inajaa. Mdogo wangu hana kazi, yeye ndiye atakuwa jera (msimamizi). Mimi nitafuata kila kitu kwa kamera na WhatsApp. Ninunue au nikodi? Na kweli inawezekana kuiendesha nikiwa huku?

Jibu: Mdogo wangu, kodi. Usinunue, angalau miaka 2 ya kwanza. Na ndiyo, inawezekana kuiendesha ukiwa Liège, ila si kwa kamera, na si kwa namna ulivyompangia mdogo wako. Nimefanya kazi ya hoteli Lubumbashi zaidi ya miaka 20, kwanza mapokezi, halafu kusimamia nyumba za watu walio Ulaya, Canada na Afrika Kusini. Nimeona akiba za watu kama wewe, pesa za zamu za usiku na za Jumapili, zikiyeyuka kwa mwaka mmoja na nusu. Nimeona na nyingine zikisimama imara. Kwa hiyo nitakuandikia kwa urefu.

Kabla ya bei, nikuulize jambo ambalo komisioneri hajakuuliza: una pasipoti gani? Kwa sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali peke yake. Hakuna anayeuza udongo. Kinachouzwa ni haki ya kuutumia na majengo yaliyo juu yake. Haki hiyo huitwa konsesyo. Konsesyo ya kudumu hupewa mtu binafsi mwenye uraia wa Kongo, basi. Mgeni, au kampuni hata ikiwa ya Wakongomani watupu, hupata konsesyo ya kawaida, ambayo ina mwisho wake: isizidi miaka 25, na huweza kufanywa upya. Sasa soma pamoja nayo kifungu cha 10 cha Katiba ya Februari 18, 2006: uraia wa Kongo ni mmoja, haushikwi pamoja na mwingine. Kama ulishachukua uraia wa Ubelgiji, mbele ya sheria wewe ni mgeni, hata kama mama yako bado anaishi Katuba na wewe bado unaota kwa Kiswahili. Najua linauma. Lakini afadhali likuume kwenye barua hii kuliko mbele ya konservateri wa hati za ardhi, dola 280,000 zikiwa zimeshatoka mkononi.

Hapo ndipo wengi wanapokimbilia jina la ndugu. Hoteli inaandikwa kwa jina la mdogo, pesa ni za dada, na karatasi ya siri inawekwa sandukuni. Usifanye hivyo. Sheria inamtambua mtu aliyeandikwa kwenye sertifika ya usajili, na sertifika ikishapita miaka 2 haivunjwi tena. Anayelalamika anabaki kudai fidia ya pesa. Mdogo wako anaweza kuwa mwaminifu kama maji ya kisima. Lakini anaweza pia kuoa, kuachana, kudaiwa, au kufa, na mjane wake na watoto hawatakuwa wamekosa chochote wakisema nyumba ya baba yao ni yao.

Halafu uliza muuzaji mwenyewe ana nini mkononi. Katika Kampemba, komini yenye Bel-Air, na kwingineko utaonyeshwa fishi ya parseli (karatasi ya kiwanja), kitabu cha zamani cha mwenye nyumba, karatasi ya mauziano yenye muhuri wa kartie (mtaa). Vyote hivyo vinaeleza historia ya mahali, lakini havikupi haki. Haki ni sertifika, na sertifika hukaguliwa ofisini kwa konservateri, na mwanasheria wako, siyo wa muuzaji, akiuliza pia kama kuna rehani ya benki. Kama nyumba ni ya marehemu, wahesabu warithi wote mmoja mmoja. Saini ya mtoto wa kwanza haiwafungi wadogo zake.

Sasa kukodi. Kuna ulinzi mkubwa ambao wapangaji wengi wa Lubumbashi hawaujui, na wenye nyumba hawana haraka ya kuwafundisha. Tangu Septemba 12, 2012 Kongo imo ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, na pango la biashara linafuata sheria ya pamoja ya nchi hizo iliyopitishwa Desemba 2010. Ukishaendesha biashara ndani ya jengo kwa miaka 2 kama mkataba unavyotaka, unapata haki ya kuongezewa mkataba, na hakuna kipengele ambacho mwenye nyumba anaweza kuandika ili kuifuta haki hiyo. Akikataa bila sababu inayokubalika na sheria, anakulipa fidia ya kukuondoa. Akiuza jengo, mnunuzi analipokea pamoja na wewe na mkataba wako. Akifa, warithi nao hivyo hivyo. Na akitaka mkataba uvunjwe kwa kuwa hujalipa, lazima kwanza akupe onyo la maandishi lenye mwezi mmoja wa kujirekebisha.

Haki hiyo ya kuongezewa ina mlango mwembamba. Lazima uiombe rasmi angalau miezi 3 kabla mkataba haujaisha, kwa wisie (afisa anayepeleka hati) wa mahakama au kwa barua ambayo mwenye nyumba amesaini kuipokea. Mkataba ukiisha Desemba 31, mimi huhakikisha barua imefika kabla Septemba haijakatika. Ukichelewa, haki imeenda, na ujumbe wa WhatsApp hautakuokoa.

Sheria hiyo hiyo inasema matengenezo makubwa ni ya mwenye nyumba: kuta zinazobeba nyumba, paa, ukuta wa uzio, na pia fosi septiki (shimo la choo) na mashimo ya maji machafu. Usipite haraka hapo. Hoteli ya vyumba 14 ina vyoo vyake 14, na ugomvi mwingi niliousuluhisha ulianzia kwenye fosi iliyojaa mwezi wa Februari, mvua zikiwa zimekolea na udongo haunywi tena. Andikeni wazi: kunyonya fosi ni juu yako, kuijenga upya ni juu yake, na atafanya ndani ya siku ngapi tangu umjulishe.

Kuna mtego mmoja unaofanana na zawadi. Mwenyewe atakuambia: "Nakukodisha hoteli nzima, na jina, na vitanda, na wateja wangu." Hapo anakukodisha biashara yake, siyo jengo. Ukisaini karatasi ya namna hiyo, wewe ni mwendeshaji tu wa biashara ya mtu: siku ikiisha huna haki ya kuongezewa, na wateja uliowatafuta kwa miaka 2 wanabaki na mwenye jina. Mkataba wako uwe wa jengo kwa matumizi ya biashara. Vitanda, televisheni na jenereta viandikwe kwenye orodha ya pembeni, kimoja kimoja, na hali yake, na picha. Jina tafuta lako.

Na zile dola 2,500, je, ni kabla au baada ya ushuru wa pango? Kwetu mpangaji ambaye ni kampuni hukata sehemu ya pango na kuipeleka kwa hazina ya jimbo kwa niaba ya mwenye nyumba. Kiwango tulichokizoea ni asilimia 20 inayokatwa, katika ushuru wa asilimia 22. Kama mkataba unasema 2,500 jumla, unampa dola 2,000 na 500 unazipeleka DRHKAT, ndiyo hazina hiyo ya jimbo. Kama mwenyewe ataandika kwamba anataka 2,500 mkononi, basi pango lako la kweli ni dola 3,125. Ni dola 7,500 kwa mwaka zinazotegemea neno moja. Komisioneri hatakuambia, kwa sababu yeye analipwa siku ya kusaini.

Tupige hesabu pamoja, kwa pango la 2,500 jumla. Bei ya mlangoni ni dola 35, lakini anayelala wiki nzima atapunguziwa, na kampuni itapunguziwa zaidi. Weka wastani wa 30. Ndani yake kuna TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, kwa hiyo kinachobaki kwako ni kama dola 25.90. Kwa nyumba ya ukubwa huo huwa naweka: pango 2,500, wafanyakazi wanane 1,500, umeme na mafuta ya jenereta 900, maji, sabuni na kufua 350, intaneti 150, matengenezo madogo 400. Jumla 5,800. Gawanya, utapata usiku 224 wa vyumba vilivyolipwa kila mwezi kabla hujaona faranga moja ya faida. Vyumba 14 ndiyo kusema kila kimoja kilaliwe usiku 16. Haitishi, lakini siyo ile hoteli "inayojaa" ya komisioneri ambayo pesa zinaingia zenyewe. Na dola 280,000 za kununua zingelipa pango hilo miaka 9 na ushee. Kwa muda huo utakuwa umejua kama mahali pana uhai au hapana.

Uhai wenyewe unatoka wapi? Mteja wa Bel-Air siyo mtalii. Ni fundi anayepita kwenda Kolwezi, mfanyabiashara aliyetoka mpakani Kasumbalesa jioni, ajenti wa kampuni inayohudumia migodi, familia iliyokuja kwa ndoa wakati wa kiangazi. Hoteli za Lubumbashi zinapumua kwa pua ya migodi. Mwaka 2015 bei ya shaba ilipoanguka, kazi za mgodi wa KCC kule Kolwezi zilisimamishwa, na uzalishaji haukurudi hadi mwisho wa 2017. Februari 2025 serikali ilizuia kobalti kutoka nje ya nchi. Kila mara mgodi unapokaza mkanda, wa kwanza kufunga begi ni yule fundi wa kampuni ndogo, na yeye ndiye mteja wako. Kwa hiyo mwambie mwanasheria aandike kwamba wewe mpangaji unaweza kuondoka kabla ya muda kwa taarifa ya miezi 3. Mwenye nyumba atanung'unika. Ng'ang'ania. Na akikuonyesha daftari la mwezi wa Juni, wakati wa Mining Week, mkutano mkubwa wa migodi, ambapo mji mzima unatafuta kitanda, mwambie asante, sasa nionyeshe la Februari.

Tuje kwa mdogo wako, maana nahisi ndilo linalokusumbua zaidi, ingawa umeliandika kwa mstari mmoja tu.

Neno jera lina hatari. Kwetu Lubumbashi jera ni yule anayesimamia baa au hoteli. Katika sheria ya OHADA, jera wa SARL (kampuni ya dhima yenye kikomo) ni kichwa cha kampuni: anachosaini kinaifunga kampuni, na mipaka uliyomwekea kwenye hati za kampuni haimhusu mtu wa nje aliyeamini saini yake. Ukimpa cheo hicho umempa uwezo wa kukopa, kusaini, kuuza vitu vya kampuni, ilhali ulitaka tu aangalie kama mashuka ni safi. Fungua SARL ya mwanahisa mmoja, ambaye ni wewe, kupitia Guichet Unique, ofisi ya kuandikisha kampuni, na wewe mwenyewe uwe jera. Mdogo wako mpe mkataba wa kazi kama mkuu wa hoteli, na prokurasyo (hati ya uwakilishi) ya noteri inayotaja kwa majina anachoruhusiwa: kulipa SNEL (umeme) na REGIDESO (maji), kununua vitu visivyozidi dola 100, kupokea maajenti wa serikali na kuwaonyesha fishi (fomu) za wageni. Kukopa, kuajiri na kugusa mkataba wa nyumba, hapana.

Na mlipe. Mlipe mshahara unaoeleweka, tarehe moja kila mwezi, na mwandikishe CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 13 juu yako na 5 juu yake. Watu wengi huko Ulaya wanasema "ni mdogo wangu, anakula pale pale, ana chumba, atanisaidia." Mdogo asiyelipwa hujilipa, na siwezi kumlaumu kirahisi, kwa sababu ana watoto wa shule. Aibu ya kumwomba dada yake pesa ya viatu ndiyo humpeleka kwenye droo ya mapokezi. Ukimlipa vizuri umemlinda yeye kabla ya kulinda pesa yako.

Panga pia ukarimu wa familia mapema, uandike. Shangazi atatoka Likasi, mjomba atakuja hospitali, kutakuwa na msiba, na wote watalala kwenye "hoteli ya mtoto wetu". Kuwakatalia hutaweza, na hupaswi. Weka usiku 6 wa familia kwa mwezi, uandikwe kwenye daftari kama usiku mwingine wowote, bei sifuri, jina la mgeni. Zikiisha, wewe ndiye unayelipa usiku wa saba kutoka mfukoni mwako, kwa bei kamili, na hoteli inapokea. Hivyo mdogo wako hatalazimika kusimama mlangoni akimfukuza shangazi yake mzazi.

Jambo lenyewe la kuendesha kutoka mbali ni hili: anayeuza chumba asiwe anayehesabu mashuka. Haya, nikueleze nilivyolijifunza.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nasimamia hoteli ya vyumba 9 ya mama mmoja aliyekuwa Canada. Alikuwa na kamera 6, nzuri, za bei. Kila usiku mapokezi walimtumia picha ya daftari, nami kila Jumatatu nilikagua daftari hilo hilo na pesa iliyokuwemo. Daima vililingana, hadi senti ya mwisho. Hoteli ilikuwa inakufa huku hesabu zake zikiwa safi kabisa. Nilichanganyikiwa, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilikuwa napima daftari kwa pesa, na vyote viwili vilishikwa na mkono mmoja. Siku moja nikakaa na mama wa kufua nyuma ya jiko, tunaongea mambo ya watoto, nikaona kwenye dirisha ana kijidaftari chake. Alikuwa analipwa kwa kila jozi ya mashuka, kwa hiyo alihesabu kwa makini kuliko mtu yeyote pale. Wiki ile daftari la mapokezi lilisema usiku 38. Kijidaftari chake kilisema jozi 61. Na kumbuka mgeni anayekaa siku kadhaa habadilishiwi shuka kila siku, kwa hiyo jozi zilipaswa kuwa chache kuliko usiku, siyo nyingi.

Zile jozi 23 na zaidi zilikuwa pasaje. Wewe ni mtoto wa Katuba, najua unaelewa: chumba kwa muda wa saa mbili tu, mchana, dola 15, hakuna fishi, hakuna risiti, na saa kumi na moja jioni chumba kimeshapangwa kumsubiri mgeni wa usiku. Kamera zilikuwa wapi? Umeme ulikatika kila siku mchana, intaneti inazima nao, na jenereta, kwa amri ya mapokezi, iliwashwa jioni tu.

Tangu siku hiyo mama wa kufua ni mtu wangu wa kwanza katika kila hoteli. Mlipe kwa jozi. Akutumie wewe, moja kwa moja, idadi ya kila siku kwa sauti kama hapendi kuandika, asipitie kwa mdogo wako wala kwa mapokezi. Asiwe jamaa yao. Kuhusu pasaje yenyewe, amua waziwazi. Mimi sizipokei katika nyumba ninazosimamia, kwa sababu mteja wa kampuni akikutana nazo koridoni harudi. Wengine wanazipokea kwa risiti na wanaishi. Ila usijifanye hazipo.

Hesabu ya pili ni jenereta. Nunua yenye kihesabu saa, au kifunge kwa fundi. Ni kitu kidogo. Jenereta ya kVA 20 ikibeba mzigo wa kawaida hunywa takriban lita 3 hadi 4 kwa saa. Picha ya kihesabu asubuhi, picha jioni. Kama saa ni 5 na mafuta yaliyonunuliwa ni lita 40, kuna lita zimelala kwenye bidoni ya mtu. Na usitegemee SNEL peke yake, hata Bel-Air; delestaji (mgao wa umeme) itakukuta siku una mgeni wa wiki tatu, na mgeni aliyeoga maji baridi akachaji simu kwa jirani hasamehi. Sola ndogo ya kushika taa, intaneti na mapokezi ningeitafuta kabla ya televisheni mpya. Maji nayo: kama nyumba ina foraji (kisima cha kuchimbwa), nusu ya wasiwasi umeisha, kama haina, tangi la lita 5,000 juu ya mnara ni jambo la kudai kabla hujasaini.

Hesabu ya tatu ni pesa taslimu. Wageni wetu wanalipa dola mkononi, au kwa M-Pesa na Airtel Money. Sheria iwe moja: pesa iliyoingia leo haitumiki leo. Yote inawekwa benki au kwenye simu ya kampuni asubuhi inayofuata, nzima nzima. Matumizi madogo yana boksi lake, dola 200, linalojazwa kila Jumatatu kwa risiti. Ukiona mtu anasema "nilitoa kwenye mauzo nikanunua sabuni", simamisha kazi uongee naye siku hiyo hiyo, hata kama sabuni ipo. Mkumbushe pia mtu wa mapokezi aangalie noti vizuri. Dola yenye mpasuko mdogo au ya toleo la zamani itakataliwa sokoni, na hasara ni yako.

Ripoti ya usiku iwe saa 4 usiku kwa saa za Lubumbashi. Wakati wa baridi wewe uko nyuma yetu saa moja, wakati wa joto tunalingana, kwa hiyo hata ukiwa zamu ya jioni utaipata. Picha nne tu: daftari, ubao wa funguo, kihesabu cha jenereta, pesa iliyotandazwa mezani. Saa 12 asubuhi, ubao wa funguo tena. Inakuchukua dakika tano. Kisha kila mwezi lipia mtu usiyemtangaza alale usiku mmoja, atoke, akueleze chumba namba ngapi, alilipa kiasi gani, alipewa risiti au hakupewa. Halafu tafuta usiku wake kwenye picha ya daftari.

Kuhusu Booking.com na mengine ya mtandaoni: jiandikishe, weka picha za kweli, ila usitegemee kwamba yatajaza nyumba. Kwetu chumba kinauzwa kwa simu na kwa kujuana. Kampuni ndogo zinazohudumia migodi zitakuletea watu wanane kwa mkupuo na furaha kubwa, kisha zitalipa baada ya siku 60, au zitaanza kukukwepa. Bila boni (hati ya oda) iliyosainiwa na nusu ya malipo mbele, usiwape zaidi ya vyumba vitatu.

Maajenti wa huduma mbalimbali nao watakuja, wengine na haki, wengine na karatasi isiyoeleweka. Weka mapokezi faili moja nene yenye nakala za kila kitu: RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa taifa), namba ya ushuru, mkataba, risiti za benki. Anayedai alipwe mkononi, mdogo wako ajibu kwa heshima kwamba bosi hulipa benki tu. Hapo kuwa kwako mbali kunasaidia.

Njoo mwenyewe mara 2 kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo usimwambie mtu. Njoo Februari.

Sasa, kabla hujatuma hata dola ya "kushika nafasi" ambayo komisioneri bila shaka ameshaiomba, fanya hivi. Mwanasheria aende kwa konservateri na nakala ya sertifika. Mdogo wako akalale pale Bel-Air usiku 7 mfululizo kama mgeni, siyo kama jamaa wa mnunuzi. Alipe, nami nipo tayari kumwelekeza cha kuangalia. Kila jioni ahesabu madirisha yenye taa saa 3 usiku, na kila asubuhi saa 4 apite nyuma ya jiko ahesabu mashuka kwenye kamba. Mwenyewe anaweza kukuambia daftari limepotea au liko kwa mhasibu. Namba za kamba niletee, usiku 7 wote, tuzipime na ile 224, ndipo tuongee kama 2,500 ni bei ya haki au ya ndoto.